Nywele za Mtaa wa Mapipa

Chemba ya kunasa taka ya Mtaa wa Mapipa, hapa Tunduma, ilizinduliwa siku ya Alhamisi kwa ngoma, fulana mia mbili na mgeni rasmi aliyekata utepe kwa mkono mmoja huku mwingine ukiziba pua. Ilikuwa chemba ya zege, imejengwa pale mtaro mkubwa wa maji ya mvua unapoishia kabla ya kumwagikia bondeni, na mdomoni mwake ulifungwa wavu wa nondo ambao kuubeba kulihitaji wanaume wanne walioshiba. Mgeni rasmi alieleza kwamba kuanzia siku hiyo haitapita hapo chupa, nepi wala tone la oili ya malori. Watu wakapiga makofi, wakagombania fulana, wakaenda zao.

Wavu ulidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili watu waliamka wakakuta umeng'olewa, na bila shaka muda huo ulishapandishwa kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Wavu uliowekwa ili usipitishe kitu haukuweza kunasa hata wezi wake. Kilichobaki ni shimo la zege na jiwe la uzinduzi, nalo lilisalimika kwa sababu hakuna anayenunua majina ya viongozi kwa kilo. Mwenyekiti wa mtaa, Shadrack, alitangaza kwamba uchunguzi umeanza. Sasa ni mwaka wa pili, na uchunguzi unaendelea vizuri.

Mtu mmoja aliyeumia kwa wizi ule ni Rubeni, kinyozi mwenye kibanda cha bluu ng'ambo ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Yeye chemba haikumhusu sana. Kilichomhusu ni bustani iliyokuwa chini ya chemba, bondeni: matuta ishirini na moja ya mchicha, chainizi na figiri, mali ya shangazi yake, Ferista. Rubeni alifiwa na wazazi huko Mbozi akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na shangazi huyu ndiye aliyemchukua akamleta mjini. Alilishwa kwa mchicha, akasomeshwa kwa mchicha, na hata mashine yake ya kwanza ya kunyolea ilitoka kwenye yale matuta. Kwa hiyo siku alipoona majani ya chainizi yameanza kuungua kingo, na udongo wa matuta ya juu unateleza mkononi kama sufuria ya chipsi, alijisikia vibaya kweli.

Oili hiyo haikuwa na siri. Mita mia juu ya chemba, kando ya mtaro, kulikuwa na gereji ya malori, na mafundi wa pale kila walipobadilisha oili ya injini, ile chafu waliimimina mtaroni bila hata kugeuka kuangalia nani anaona. Mwenye gereji alikuwa Shadrack. Ndiyo, huyo huyo mwenyekiti. Na bustani ya Ferista ilikuwa ndani ya eneo la mtaro, maana yake alilima kwa hisani ya ofisi ya mtaa, maana yake kwa hisani ya Shadrack. Ukilipanga jambo hivyo unaelewa kwa nini kila Ferista alipokutana na mwenyekiti alimsalimu kwa adabu zote, akamuulizia watoto, na la oili akalimeza.

Dawa ilipatikana kwa uchafu wa Rubeni mwenyewe. Kama kila mfanyabiashara mwenye akili wa mtaa ule, alikuwa akifagia nywele za wateja moja kwa moja hadi mtaroni. Asubuhi moja Ferista alipanda kutoka bondeni, jembe begani, mkononi ameshika fundo jeusi linalong'aa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hizi nywele ni wewe unayenipelekea?"

"Ni upepo huo, shangazi."

"Upepo wako umejifunza kunyoa lini?" Akalikamua lile fundo. Oili nzito ikamtiririka hadi kiwikoni. "Limekwama kwenye jiwe langu la juu. Juu ya jiwe, maji meusi. Chini ya jiwe, naona vidole vyangu vya miguu. Hebu leta beseni."

Ferista aliishia darasa la nne, lakini alikuwa mtu wa kutoamini kitu mpaka akirudie mara tatu. Akachota maji ya mtaro kwenye beseni, akachovya nywele kavu, akakamua. Akachovya tena, akakamua. Mara ya tatu maji yalibaki na rangi ya chai ya rangi, ila utando wa mafuta haukuwepo. Alisimama akiyatazama maji yale kwa muda mrefu, na Rubeni alimwona akitabasamu peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika yaliyopita.

"Usifagie tena mtaroni," alisema. "Zote uniletee."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi asubuhi Rubeni alishuka bondeni na kiroba cha nywele, na Ferista alizishindilia kwenye mifuko ya vitunguu, ile myekundu ya wavu, akaishona midomo ikawa mito kama ya kulalia. Mito kumi na minne aliifunga kwa kamba, safu mbili, kukatiza chemba. Mto ukishiba oili aliutoa, akaufungia kwenye pipa lenye mfuniko, akaweka mwingine. Ilipofika Krismasi chainizi yake ilikuwa imenenepa, na mke wa mwenyekiti mwenyewe alikuwa akimtuma mtu kuja kuichukua mafungu kwa mafungu.

Walikubaliana kutomwambia mtu, na sababu haihitaji maelezo marefu kwa anayewajua watu wetu. Katika Mtaa wa Mapipa mtu atamwachia kinyozi shingo yake, wembe ukipita juu ya mshipa, na yeye anasinzia. Nywele zake ni habari nyingine. Mwenye nywele zako anakushika wewe mzima, ndivyo wanavyosema, na wanaosema siyo wale wasiokwenda shule. Rubeni alimnyoa mwalimu, muuguzi, mhasibu mwenye digrii mbili, na wote walipomaliza kujitazama kwenye kioo walitupa jicho sakafuni, haraka haraka, kuona zile za kwao zimelala wapi.

Januari mvua ilikuja kwa hasira. Ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, mtaro ukajaa nepi, magunzi na makopo kutoka mtaa mzima, chemba ikaziba, na maji yakarudi juu barabarani. Yalipopungua, mbele ya geti la gereji ya Shadrack ulikuwa umekaa mto mmoja mwekundu, umevimba, unachuruzika. Fundi mmoja akaupasua kwa bisibisi kwa udadisi tu. Alipoona kilichomo alitupa bisibisi na kukimbia hadi ng'ambo ya barabara, na lori la shaba lililokuwa likitoka Zambia likamkosa kidogo.

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umefunguka macho. Sasa kila jambo lilikuwa na maelezo. Ikupa, anayeuza simu, akakumbuka kwamba wateja wake walianza kupungua mwezi wa kumi, na hakutaja kwamba mwezi huo huo maduka mengine manne ya simu yalifunguliwa kwenye barabara hiyo hiyo. Vijana waliokuwa wakipoteza mikeka yao ya kubeti kila wikiendi waligundua kwa nini timu za Ulaya zilikuwa zinafungwa. Mzee mmoja aliyeachwa na mke miaka saba iliyopita alikwenda kuutazama ule mto, akatikisa kichwa na kusema kwamba anaziona zake kabisa, zile za mvi.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mto wenyewe ulikuwa umejaa oili.

Vinyozi ndio walioanza kutazamwa vibaya, na hapo ndipo Rubeni alipofanya jambo ambalo baadaye hakulipenda alipolikumbuka. Alichukua kipande cha mbao, akaandika kwa rangi nyeupe: HAPA UNAONDOKA NA NYWELE ZAKO. Akanunua bahasha za kaki. Kila aliyenyolewa alifagiliwa nywele zake mbele ya macho yake, zikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa, na juu yake likaandikwa jina ili za huyu zisichanganyike na za yule. Watu walimiminika. Walitoka hadi mitaa ya stendi kuja kunyolewa na kinyozi mwaminifu. Luka, kinyozi wa jirani, alikaa siku mbili akijinyoa mwenyewe, ya tatu naye akanunua bahasha. Rubeni alifanya kazi mpaka mashine ikachemka, huku akijua mito kumi na mitatu iliyobaki pale chini ilijazwa na mkono wake.

Wiki haikuisha. Mtu alimwona Ferista akikaza kamba za mito yake, na Jumamosi saa nne asubuhi uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa.

Ferista aliwekwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu wote. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kilemba, mikono magotini, udongo wa bustani bado umejaa kwenye kucha. Shadrack alisimama pembeni yake amevaa ile fulana ya uzinduzi wa chemba.

"Ndugu wananchi," alianza, "mimi kama mwenyekiti sina upande. Ila hizi ni nywele za watu. Za watu! Mama Ferista, wewe ni mzazi wetu, mboga zako tunakula. Tueleze tu. Umezipata wapi?"

Rubeni alikuwa amesimama mstari wa tatu. Alingoja shangazi yake ageuze macho amtazame, na kama angemtazama labda ingekuwa rahisi zaidi. Ferista alitazama mbele tu.

"Niliokota," alisema.

"Magunia yote hayo? Uliokota wapi?"

"Mtaroni. Ninyi mnatupa kila kitu mtaroni, baba. Ukikaa pale chini wiki moja utaokota hata kitanda."

Watu wachache walicheka, wakakumbuka wako mahali gani, wakanyamaza. Shadrack alijikohoza. Akasema kwa huruma kubwa, huruma ya mtu ambaye bustani siyo yake, kwamba amani ya mtaa ni kitu cha kulindwa. Kwamba hakuna anayemwita mtu mchawi. Kwamba ofisi inamwomba tu mama huyu aondoe mito yake na aondoke yeye mwenyewe pale bondeni ifikapo Jumapili ijayo, arudi kwao Mbozi akapumzike. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ilinyooshwa. Rubeni aliitambua, maana vichwa vilivyokuwa chini yake alivinyoa yeye. Aliona aibu, aibu ya kweli, kwamba mtu mzima ambaye kila shilingi yake ilianzia kwenye tuta la mchicha amesimama kama mgongo wa kiti huku aliyemlea anafukuzwa.

"Niliyempa ni mimi," alisema. Waliokuwa nyuma hawakusikia. Akarudia. "Nywele nimempa mimi. Ni za kibandani kwangu. Kabla ya bahasha."

Shingo zote ziligeukia mstari wa tatu. Ferista aligeuka sasa, akamtazama kwa macho ya mtu aliyekuwa amepanga vizuri na sasa amevurugiwa.

Rubeni hakungoja waanze. Alikimbia hadi kwenye mtaro chini ya gereji, akachota beseni la maji meusi, akaja akaliweka mezani juu ya karatasi za mwenyekiti. Akatoa nywele kavu alizozipitia kibandani, za kiroba kilichobaki tangu kabla ya bahasha, akachovya, akakamua chini. Akachovya, akakamua. Alieleza huku akifanya: kwamba nywele hushika oili na kuacha maji yapite, kwamba wavu wa nondo ulishaibiwa na hakuna aliyeleta mwingine, kwamba mito hii ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi iliyoandikwa kwenye lile jiwe, bila ngoma na bila fulana. Mara ya tatu maji yalikuwa safi, kiasi kwamba kila mtu aliona ua jekundu lililochorwa chini ya beseni. Hakuna mtaalamu angeweza kuonyesha vizuri zaidi.

Watu walilitazama ua. Kisha Ikupa akauliza swali lililokuwa moyoni mwa kila mmoja.

"Kwa hiyo nywele zangu mimi ziko mle ndani, zinakunywa oili?"

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mwingine alitaka kujua kama ndiyo sababu kichwa kilimuuma wiki nzima. Mhasibu wa digrii mbili alidai zirudishwe za kwake, tangu mwezi wa tisa. Shadrack, aliyekuwa amegeuka rangi kidogo alipoona maji ya beseni yalikochotwa, alipata nguvu mpya. Ikawa wazi kwake kwamba mkutano unaozungumzia nywele hauna nafasi ya kuzungumzia gereji. Akatoa uamuzi. Mama Ferista hakuroga, alitumiwa tu, kwa hiyo abaki na bustani yake. Kinyozi Rubeni amevunja imani ya wananchi. Mito yote itolewe leo hii, na ni marufuku mtu yeyote kutia nywele kwenye chemba ya serikali.

"Mimi mbona naona kijana kasema kweli?" alisema dereva mmoja kwa nyuma. Ni Abdulrahim, anayepeleka saruji Zambia na kurudi na mbao, mteja wa Rubeni wa miaka mingi. Hakuna aliyemjibu. Abdulrahim ana upara toka kisogoni hadi kwenye nyusi, na ilionekana si haki mtu asiye na nywele kutoa maoni.

Tangu Jumatatu kiti cha Rubeni kilikaa kitupu. Wateja walivuka barabara kwenda kwa Luka, wengine wakikaza mwendo walipopita mbele ya kibanda cha bluu, kana kwamba angewarukia na mkasi. Wiki ya pili aliyekuja ni Abdulrahim peke yake, kuchongwa ndevu. Wiki ya tatu Rubeni alifunga mlango, akavua viatu, akashuka bondeni kumsaidia shangazi yake kumwagilia matuta ambayo, bila mito, wote wawili walijua hayatafika masika.

"Ungenyamaza," Ferista alimwambia, bila kuinua mgongo. "Mimi wangenisahau. Wewe una maisha."

"Nimeshasema, shangazi."

"Umeshasema, ndiyo." Akang'oa gugu. "Na umesema vizuri," akaongeza, kwa sauti ndogo, na Rubeni akajifanya anatafuta ndoo.

Chemba ilikuwa marufuku kutiwa nywele. Kutundikwa mifuko ya vitunguu mitupu hakuna aliyekataza, maana hakuna aliyeifikiria. Ferista aliishona kumi na miwili ikawa wavu mmoja, akaufunga mdomoni mwa chemba, angalau uzuie nepi. Mvua kubwa ya Februari ikaja. Kesho yake asubuhi yeye na Rubeni walipanda kuangalia kilichonaswa.

Walikuta bahasha. Nyingi, mamia, zimelowa, nyingine zimepasuka na kumwaga yaliyomo, zote zimejibanza kwenye wavu, unene wa godoro. Rubeni alielewa taratibu. Watu walikuwa wameondoka na nywele zao, ndiyo, kila mmoja na bahasha yake yenye jina, wakafika nyumbani na wasijue wazifanye nini. Kuzichoma kunanuka, jirani atauliza. Kuzizika, mbwa atazifukua. Kuziweka kabatini, kuna shemeji. Basi kila mtu, kwa wakati wake, bila kumwambia mwenzake, alikuwa amezipeleka mahali ambapo maji yangezichukua mbali, pengine hadi Zambia, ambako hakuna anayemfahamu. Alizitupa mtaroni.

Juu ya godoro lile maji yalikuwa meusi kama kawaida ya gereji. Chini yake, Ferista aliingiza mguu, akavihesabu vidole vyake vyote vitano.

Juma lile lile walikuja wageni wa mradi uliojenga chemba, kukagua. Shadrack aliwasimamisha kando ya jiwe la uzinduzi, akawaeleza jinsi ofisi yake ilivyosimamia chemba usiku na mchana. Wageni walipima maji ya juu na ya chini kwa vichupa, wakatazamana, wakampa mkono. Mmoja alisema matokeo haya lazima yapelekwe mikoa mingine. Shadrack akapigwa picha, kichwa kimenyolewa upya, kinang'aa, na tabasamu la kazi iliyokamilika.

Rubeni na Ferista walingoja gari la wageni liondoke ndipo wakateremka na ndoo kutoa bahasha zilizoshiba. Rubeni alikuwa akizikamua moja moja pipani alipokuta bahasha ambayo haikupasuka. Mwandiko wa Luka ulikuwa mzuri, kwa kalamu ya wino mzito usiotoka kwa maji: MH. MWENYEKITI SHADRACK. Akamwonyesha shangazi yake. Ferista alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea, akaiminya kidogo. Oili ya gereji ikatoka nyeusi, ikamchuruzika kati ya vidole.

"Tutupe pipani?" Rubeni aliuliza.

"Huyu? Bado ana nafasi." Akainama, akaifungua kidogo ili maji yapite, akaifunga kwa kamba katikati kabisa ya wavu, mahali maji yanapokuja kwa nguvu. Akaikazia fundo la pili. "Muache hapa hapa. Tangu tumchague, ndiyo kwanza leo anafanya kazi."

Kisha akachukua ndoo yake akateremka kwenye chainizi.